Baruti Aliyoipunguza Baba

Cutler Bend, Idaho
Agosti 28, 2015

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia, na ngano umeshaivuna kabla mvua ya mawe haijakuwahi. Mimi sijambo. Plasta wameitoa Jumatatu. Kifundo cha mkono kimenyooka kiasi, ila nikishika usukani wa basi la shule kwa muda mrefu kinavimba, na mfuniko wa chupa bado namwita jirani anifungulie.

Simu tumeshashindwana nayo, Baba. Masikio yako yameliwa na bastola, nami sitaki kupiga kelele za mambo ya Wade mpaka mtaa mzima usikie. Kwa hiyo nitakuwa naandika kama mama alivyokuwa akiandika.

Talaka imepita. Hakimu amempa Wade amri asinisogelee, si nyumbani wala kazini. Aliisoma pale pale mahakamani, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni, akaniangalia huku anacheka. Wiki iliyofuata pikapu yake ilikuwa imeegeshwa ng'ambo ya kituo chetu cha mabasi. Nikawaita polisi. Kijana aliyekuja akaniambia, "Mama, barabara ni ya watu wote."

Basi nimeitoa ile bastola ya mama uliyonipa, na nimejiandikisha darasa la kujilinda. Anayefundisha ni mwanamke, Bi. Pruitt, zamani alikuwa polisi. Siku ya kwanza alituuliza kila mmoja anabeba risasi gani. Nikasema kwa majivuno, "Za baba yangu. Anazishindilia mwenyewe nyumbani." Akaniuliza, "Za kulengea shabaha au za kubeba?" Nikasema zote. Akatikisa kichwa. "Dada, za baba yako pigia makopo. Za kubeba nunua dukani."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema siku ukimpiga mtu, hata kama haki ni yako, watu wa maabara watataka kujua mlikuwa umbali gani, na wanajua kwa masizi ya baruti yaliyobaki kwenye nguo ya aliyepigwa. Risasi ikiwa ya kiwandani, wananunua boksi kama lile lile, wanapiga vitambaa, wanalinganisha. "Ya baba yako watailinganisha na nini?"

Nikaliandika swali lake nikuletee. Wewe ungemjibuje?

Mwanao,
Darla


Holmvik, Montana
Septemba 5, 2015

Darla mwanangu,

Barua yako nimeipata, nami nakurudishia salamu na nyongeza. Mimi mzima, mgongo ni ule ule. Ngano nimevuna. Mawe yalipiga shamba la Lyle upande wa pili wa barabara yakaniruka mimi, na tangu hapo anaeneza maneno kwamba nimemhonga mchungaji. Nafurahi plasta imetoka. Jina la Wade sitaliandika, kwa sababu karatasi hii nimeiokota kanisani.

Sasa tuje kwa huyo mwalimu wako.

Mwambie hivi. Kiwandani risasi zinamiminika kama mahindi yanavyomiminwa guniani, na aliyesimama pale anawaza saa ya kwenda nyumbani. Mimi ganda la risasi naliokota mwenyewe uwanjani watu wakishapiga. Nalisafisha, nalipima urefu, naligeuzageuza kwenye mwanga nione kama mdomo una ufa. Naweka fataki mpya ya kuwasha baruti. Baruti naipima kwenye mizani, moja moja, halafu kichwa cha risasi nakikandamiza kwa mkono wangu huu. Ikitoka pale mezani naijua kama ninavyokujua wewe. Umekula nyama ya kulungu utoto wako wote kwa risasi za meza ile. Kuna siku hata moja ilikataa kutoka?

Huyo mama kazi yake ni kuuza maboksi. Eti mahakama! Mtu mwema akijitetea kwenye mlango wake mwenyewe, ni mahakama gani itauliza baruti ilipimwa wapi? Huku kwetu haipo.

Ila nikuambie kilichoniuma hasa. Umeambiwa mbele ya wageni kwamba kazi ya baba yako ni ya kupigia makopo, ukanyamaza. Mama yako asingenyamaza.

Leo asubuhi kwenye klabu yetu ya kulenga shabaha niliwasomea barua yako. Lyle alicheka mpaka akamwaga kahawa. "Orval, umeshushwa cheo! Twende tukakutafutie makopo." Wakacheka wote, nami nikacheka nao, ila nilipofika nyumbani chakula cha mchana nikampa mbwa.

Nakutengenezea boksi zima. Usinunue kitu.

Baba yako


Cutler Bend
Septemba 20, 2015

Baba mpendwa,

Natumaini hujambo na hasira imepoa. Mimi sijambo.

Kwanza, nakuomba usiwe unasoma barua zangu klabuni. Mkono wangu aliuvunja Wade kwenye mlango wa gari, na hilo si jambo la kunywea kahawa.

Pili, nimenunua boksi moja la kiwandani. Usiirushe hii barua, isome mpaka mwisho. Sikununua kwa sababu kazi yako ni mbaya. Najua ni nzuri, nimekua nikiiona. Ninachotaka ni kwamba siku ile ikifika, Mungu aiepushe, mtu asiyenijua wala kunipenda aweze kuthibitisha ninachosema. Wewe unanipenda, Baba. Hiyo ndiyo shida ya risasi zako.

Nijibu basi. Niambie na habari za mbwa.

Mwanao,
Darla


Cutler Bend
Novemba 15, 2015

Baba,

Natumaini u mzima, maana siku hizi habari zako nazipata kwa Lyle. Ameniandikia kadi: "Baba yako hana ugonjwa, ila amenuna kama ng'ombe aliyenyimwa chumvi." Tangu nilipokwambia nimenunua boksi hukujibu barua yangu hata moja. Siku yangu ya kuzaliwa imepita bila kadi yako, na hilo halijawahi kutokea tangu nizaliwe.

Haya, umeshinda.

Nilikwenda uwanjani na zile za dukani. Ya kwanza ilinirusha mkono juu. Ilipotoka ya tatu niliiweka bastola chini nikalia mbele za watu. Kifundo kilivimba hata kesho yake basi likaendeshwa na mwingine. Bi. Pruitt akaniambia zipo laini za kiwandani, za watu wenye mikono kama yangu, akataka kuniagizia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ndiyo. Halafu nikakukumbuka ulivyonuna.

Mama hayupo. Ndugu sina. Wade anapita mbele ya nyumba jioni akipiga honi, anapunga mkono kama mtu wa kwao. Siwezi kuwa na hayo yote na baba pia nikamkosa, eti kwa ajili ya boksi la risasi. Nitumie zako.

Mwanao,
Darla


Holmvik
Novemba 21, 2015

Darla, mwanangu kipenzi,

Salamu, salamu, na salamu tena. Mimi mzima kabisa, hata mgongo leo umenyamaza. Mbwa hajambo, ameiba soseji kanisani na mchungaji amemsamehe. Kadi ya siku ya kuzaliwa imo humu, imechelewa, usiitazame tarehe.

Nilikuwa nimenuna, sikatai. Mzee ana haki ya kununa akiwa kwake. Tumemaliza.

Nimekaa mezani siku mbili nikiimba. Nimekushindilia risasi za mkono wako, si za mkono wa mtu mwingine yeyote. Baruti nimeipunguza sana, nikachagua ile inayoungua upesi na kwa usafi, haiachi moshi wala masizi. Nimezijaribu mwenyewe nyuma ya ghala. Bastola inatikisika kidogo tu, kama mtu anayekushika bega. Maganda ni ya kiwanda kile kile unachokijua, nimeyachagua mazuri. Kipimo kiko kichwani mwangu, na hakijawahi kupotea humo.

Lyle anapita huko kwenda kwa binti yake Sikukuu ya Shukrani. Atakuletea, pamoja na lefse, ile mikate yetu ya viazi. Nimezikaanga mwenyewe kwa chuma cha mama yako, nyingine zimeungua, hizo mpe Lyle.

Zile za dukani mrudishie mwalimu wako akapigie makopo.

Baba yako


Jela ya wilaya, Cutler Bend
Februari 2, 2016

Baba mpendwa,

Natumaini hujambo. Mimi niko hai na sijaumia.

Najua Lyle ameshakwambia, wakili alimpigia simu. Lakini nataka uisikie kwangu. Ilikuwa asubuhi, natoka kwenda kazini, funguo mkononi. Wade alikuwa amesimama barazani nje ya mlango, juu ya ngazi, kati yangu na gari. Nikamwambia, "Wade, toka. Unajua huruhusiwi." Akasema, "Nimekuja kuuona huo mkono kama umepona." Akasema kwa upole kabisa, Baba, kwa ile sauti yake ya kuombea chumvi mezani. Nilikuwa nimeshatoa bastola. Akaitazama akacheka. "Ya mama yako? Weka chini, mpenzi, utajiumiza." Akanyoosha mkono kunishika shingo. Nilikuwa naweza kuhesabu ndevu zake. Nikapiga mara moja.

Hakuanguka pale. Alirudi nyuma, akashuka ngazi, akatembea mpaka karibu na pikapu yake, hapo ndipo akaanguka. Mikononi hakuwa na kitu.

Jirani alisikia mlio tu, hakuona. Basi yote yako kwenye umbali. Mimi nasema alikuwa ameshanifikia. Maabara wamelitazama shati lake, masizi ya baruti hakuna, ila vumbi kidogo tu. Wakaangalia chapa ya kiwanda kitakoni mwa ganda, lile uliloliokota wewe, wakanunua boksi la kiwanda hicho, wakapiga vitambaa. Kwa risasi ile ya dukani, mtu aliye karibu kama ninavyosema angekuwa amepakwa masizi kifua kizima. Wanasema Wade alikuwa ameshashuka ngazi, anaondoka.

Zile nne zilizobaki kwenye bastola wamezifunga kwenye mfuko wa ushahidi. Wakili wangu, Bi. Salcido, amewaomba wazipige hizo hizo ndipo walinganishe. Wamekataa. Wanasema zikishapigwa ushahidi umeharibika, na hata zikipigwa, nani anajua kama ile ya kwanza ilikuwa sawa nazo?

Wewe unajua. Umebaki wewe tu, Baba.

Mwanao,
Darla


Holmvik
Februari 11, 2016

Darla mwanangu,

Nakusalimu kwa uchungu. Mimi mzima, lakini uzima huu sijui wa nini.

Nitakuja. Wakili wako amenieleza kupitia kwa Lyle, maana kwa simu simsikii. Anataka niseme kwamba risasi zile zilikuwa dhaifu, na kwamba haziwezi kulinganishwa na za dukani hata kidogo. Alilirudia hilo neno, dhaifu. Nimemwambia nitasema kweli yote. Nilipunguza baruti, nitasema nilipunguza.

Usiogope, hutakuwa peke yako. Lyle amewakusanya wazee wote wa klabu. Watakuja na pikapu mbili, watakaa nyuma yangu pale mahakamani. Watu wazima, wenye heshima zao. Wataonekana.

Baba yako


Jela ya wilaya, Cutler Bend
Aprili 30, 2016

Baba,

Natumaini hujambo. Kesi ni mwezi ujao, na nina ombi moja. Njoo peke yako. Waambie wazee nawashukuru, wabaki wapande ngano. Ukiwa na mimi unaweza kusema lolote. Ukiwa nao nakujua.

Mwanao,
Darla


Holmvik
Juni 14, 2016

Darla mwanangu,

Natumaini huko walikokupeleka wanakupa chakula cha kueleweka. Hukumu ya miaka minane nimeisikia kwa masikio haya mabovu, nikadhani nimekosea, nikamwomba Lyle aniandikie kwenye kiganja.

Nilipokufuata pale mlangoni mwa mahakama ulinipa mgongo. Sijui kosa langu. Nilikula kiapo nikasema kweli. Hata hao wazee, nisingeweza kuwazuia, walikuwa wameshajaza mafuta. Niambie nilichokosea, maana mimi nikikumbuka naona nilijibu sawasawa.

Baba yako


Gereza la wanawake
Julai 3, 2016

Baba,

Mimi mzima. Natumaini nawe hujambo.

Umeuliza ulichokosea. Bi. Salcido amenipa maneno yote ya kesi yaliyopigwa chapa, nami nakunakilia ukurasa wako. Mwendesha mashtaka anauliza, wewe unajibu.

"Mzee Tveit, umeshindilia risasi kwa muda mrefu?"

"Tangu sijaoa."

"Na hawa wazee waliokaa pale nyuma, wanazipiga?"

"Muulize Lyle kama anapiga nyingine."

Hapo watu walicheka. Hilo halikuandikwa lakini wewe na mimi tulisikia.

"Wakili wa binti yako anataka tuamini kwamba risasi zako ni dhaifu. Za kubahatisha, kila moja na lake. Ni kweli?"

Hapa pia kuna kitu hakikuandikwa. Uligeuka ukatazama nyuma. Wazee wote walikuwa wamevaa kofia zao za klabu, na Lyle alikuwa ameinua nyusi, anakungoja.

"Nani kasema za kubahatisha?"

"Nauliza tu, mzee wangu. Ni kazi dhaifu?"

"Bwana mdogo, kwenye meza yangu hakijawahi kutoka kitu dhaifu. Hakuna ya dukani inayoifikia."

"Kwa hiyo ni sawa na za kiwandani."

"Ni zaidi."

"Inachofanya ya kiwandani, yako inafanya?"

"Yote. Na vizuri zaidi."

"Asante, mzee. Sina swali lingine."

Bi. Salcido akasimama akakuuliza kama hukupunguza baruti. Ukasema ulipunguza. Kiasi gani? Ukataja. Kimeandikwa wapi? "Kiko kichwani mwangu." Mwendesha mashtaka hakusimama hata. Alifungua mikono tu, akawageukia wale raia kumi na wawili wanaoamua kesi, na mmoja wao, yule mama mwenye miwani aliyekuwa akinitazama kwa huruma siku zote, akainamisha kichwa. Tangu pale hakunitazama tena.

Ulitakiwa useme neno moja, Baba. Ulikuwa umelisafiria siku nzima. Ulitakiwa uwe fundi mbaya kwa dakika moja mbele ya Lyle, nami ningelala kwangu leo.

Nilikuwa nakuangalia wakati ule. Mgongo ulikuwa umenyooka kabisa. Sijakuona na furaha ile tangu mama afariki.

Mwanao,
Darla


Holmvik
Januari 18, 2017

Darla mwanangu,

Nakusalimu tena, na hizi salamu nimezituma mara nyingi bila kujibiwa, lakini sitachoka. Theluji imefika madirishani. Mbwa amekufa. Mimi mzima.

Nilichokifanya nakueleza. Nilichukua mashati yangu ya zamani nikayatundika kwenye kamba ya nguo nyuma ya ghala. Nikashindilia tena kwa kipimo kile kile, kwa baruti ile ile, nikapiga nikiwa nimesogea mpaka ningeweza kulishika shati kwa mkono wa pili. Hakuna masizi, Darla. Vumbi kidogo tu, kama lile la shati la yule mtu. Nikapiga shati jingine kwa risasi ya dukani, kwa umbali huo huo, likawa jeusi kama limefuta jiko. Nilikaa chini kwenye theluji nikalia, Lyle akaja kuninyanyua.

Nilimpelekea wakili mashati yote. Akaniandikia hati ya kiapo, nami neno lile nikaliomba mwenyewe liwekwe: dhaifu. Niliandika kwamba mimi Orval Tveit nilimtengenezea binti yangu risasi dhaifu zisizolingana na za kiwandani, na kwamba mahakamani nilijisifu. Lyle alitia sahihi kama shahidi. Alisoma yote, hakufanya mzaha hata kidogo, akaenda zake. Klabuni siendi tena.

Hakimu ameikataa. Wakili atakuletea maneno yake, lakini kwa kifupi amesema mashati yametundikwa na baba, risasi zimeshindiliwa na baba, na baba anayegeuza maneno baada ya binti kufungwa hawezi kuaminiwa. Anasema siku ile ya kesi nilikuwa nasema kutoka moyoni, na kila aliyekuwepo aliona. Wakili anasema njia nyingine hana.

Meza nimeifunika kwa shuka. Ila kuna kitu kimoja kinanila, na hakuna wa kumuuliza isipokuwa wewe. Hukuwahi kuniambia. Asubuhi ile, ilipotoka, ilitoka vizuri? Mkono haukuuma? Nisaidie nijue kwamba angalau katika hilo nilikufaa.

Baba yako anayekuomba radhi


Gereza la wanawake
Aprili 9, 2017

Baba,

Mimi mzima. Natumaini barua hii inakukuta na afya.

Swali lako limekaa nami majira yote ya baridi. Nilikuwa nangoja siku nitakayoweza kulijibu bila hasira. Siku hiyo haikuja, na sioni sababu ya kuendelea kuingoja, kwa hiyo nakujibu nikiwa nayo.

Hati yako nimeisoma. Najua kuliandika neno lile kumekugharimu, na najua sasa duniani yupo mtu mmoja mwenye ushahidi mkononi kwamba nilisema kweli. Ni wewe, na ndiye pekee wasiyeweza kumsadiki. Walikusadiki siku moja tu, ile uliyokuwa unajisifu. Nami sijui nikufanyie nini na hilo, Baba. Nimejaribu kukuonea huruma. Kuna siku naweza, kufika jioni imeisha.

Jibu lako hili hapa. Ndiyo, ilitoka vizuri. Ilitoka pale pale nilipovuta, haikusita, haikunirusha. Kifundo hakikuuma hata kidogo, si siku ile wala kesho yake. Moshi sikuuona. Ilikwenda nilipoelekeza, kwa mtu aliyekuwa karibu kiasi cha kunusa kahawa mdomoni mwake. Hakuna ya dukani ambayo ingefanya vizuri zaidi. Ilikuwa kazi safi ya fundi.

Hicho ndicho ulichotaka mtu akwambie tangu mwanzo. Nimekwambia. Usiniandikie tena.

Darla Tveit